Matokeo ya GCSE na A-level yakitoka mkiwa likizo nyumbani: maswali tunayoulizana kila mwaka

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano simu yangu haipumziki. Wazazi wenzangu wa huku Uingereza, wengi wa hapa Reading na wengine Leicester, Coventry mpaka London, swali lao ni lilelile: tiketi ya Dar tumeshakata, tunaondoka mwisho wa mwezi wa saba tunarudi mwisho wa mwezi wa nane, sasa matokeo ya mtoto ya GCSE (mtihani wa miaka 16, kama fomu foo ya kwetu) au A-level (wa miaka 18, kama fomu siksi) inakuwaje? Nimechoka kurekodi voisi za dakika nane nane, nikaona bora niandike mara moja, mtu akiuliza namrushia. Nimepitia hili mara mbili, kwa mwanangu wa kwanza nilichemka vibaya, kwa wa pili nikawa mjanja, yote utayakuta humu.

Na niseme mapema kabisa, kuyaona matokeo yenyewe siyo ishu, hata ukiwa Lushoto utayaona. Ishu ni yale yanayotakiwa kufanyika siku ileile baada ya kuyaona, hapo ndo watu wanapopoteza nafasi.

Yanatoka lini hasa?

Mwezi wa nane, Alhamisi mbili zinazofuatana. Alhamisi ya kwanza A-level, ya wiki inayofuata GCSE. 2024 ilikuwa tarehe 15 na 22, 2025 tarehe 14 na 21, 2026 ni tarehe 13 na 20. Tarehe zinatangazwa mapema sana, kwa hiyo ile ya "tulikata tiketi hatukujua" sikubali, fungua kalenda kwanza halafu ndo ongea na ejenti wa tiketi.

Hatuwezi kuomba wampe mapema kwa sababu tunasafiri?

Hapana. Shule inatumiwa matokeo siku moja kabla, Jumatano, ila hawaruhusiwi kumwambia mwanafunzi wala mzazi mpaka asubuhi ya Alhamisi. Sheria ya bodi za mitihani hiyo, siyo roho mbaya ya mwalimu. Hata uende na maandazi ya nazi ofisini watayala na matokeo hawakupi.

Mjomba wake Dar anasema tumpe namba ya mtihani tu atamwangalizia kwenye mtandao

Mjomba anawaza NECTA, baraza la mitihani la Tanzania. Kwetu matokeo ya fomu foo yanabandikwa kwenye tovuti, shule nzima, namba kwa namba, yeyote mwenye bando anaona, hata jirani anajua mtoto wako kapata nini kabla yako. Huku ni kinyume kabisa. Matokeo ni siri ya mtahiniwa na hakuna ukurasa wa kuingiza namba ukaona. Bodi zenyewe (AQA, Pearson Edexcel, OCR na wenzao) ukizipigia zitakurudisha shuleni, kila kitu kinapitia shule uliyofanyia mtihani. Mwambie mjomba asante, apumzike.

Sasa tukiwa huko atayapataje?

Kuna njia kama nne hivi na kila shule ina zake, kwa hiyo muulize afisa mitihani wa shule, siyo mwalimu wa darasa, siyo mapokezi, afisa mitihani. Muulize KABLA shule hazijafungwa mwezi wa saba maana zikishafungwa utakuwa unaongea na mashine ya simu.

Shule nyingi siku hizi wanatuma kwa imeili au wanayaweka kwenye ile akaunti ya mwanafunzi onlaini. Wengine wanataka ajiandikishe kwanza kwamba hatakuwepo, asipojiandikisha karatasi yake inakaa kwenye bahasha ukumbini ikimsubiri. Wengine wanatuma kwa posta, yani bahasha inatua mlangoni kwako Reading wakati wewe uko Raskazone unakula ngisi, haina msaada. Na ya nne ni kumtuma mtu akachukue kwa mkono. Kuna sehemu pia, 2025 walianza na Manchester na West Midlands, wamejaribisha programu ya simu ambayo mtoto anapata GCSE zake humohumo, kama mnaishi huko ulizeni.

Sasa sikiliza kosa lililotuunguza sisi. Mwanangu wa kwanza aliambiwa matokeo yatakuja kwenye imeili ya shule. Sawa, tukaondoka na amani. Kumbe shule yao wakishamaliza mitihani zile akaunti wanazifunga, na ya kwake ilifungwa tukiwa angani nadhani, asubuhi ya Alhamisi mtoto anaingiza paswadi inakataa, anaingiza tena inakataa, bibi yake anasema labda umesahau mjukuu wangu, mtoto analia. Napiga shuleni simu inaita mpaka inakata. Nikamwomba rafiki yangu wa Reading akimbie shuleni, akafika, wakamwuliza barua iko wapi, hana barua, wakamrudisha. Tuliyapata kesho yake jioni baada ya imeili kama sita. Kwa hiyo hakikisha matokeo yanakwenda kwenye imeili yake BINAFSI, na upate jibu la maandishi kwamba wameibadilisha, usikubali "usijali".

Kwani mimi siyo mzazi? Kwa nini wasinipe mimi?

Kwa sababu ni ya kwake, siyo yako. Najua inauma, ada ya tuisheni umelipa wewe. Lakini huku mtoto wa miaka 16 au 18 ndiye mwenye taarifa zake na shule nyingi hawampi mtu mwingine yeyote, mama, baba, kaka, bila ruhusa yake ya maandishi. Nimeona baba mmoja anagombana na mapokezi kwamba "nimemzaa mimi", wanamsikiliza kwa adabu kabisa na hawampi kitu. Usipoteze nguvu hapo, mwambie mtoto aandike.

Nimtume nani, na barua inakuwaje?

Mtu mzima unayemwamini ambaye HASAFIRI, maana Agosti nusu ya Watanzania wa Reading wako kwenye ndege. Siyo lazima awe ndugu, hata jirani anafaa.

Barua inaandikwa na mtoto mwenyewe: jina lake kamili kama lilivyo kwenye mtihani, namba yake ya mtahiniwa (ile ya tarakimu nne), jina la mtu anayetumwa, tarehe, sahihi. Anayekwenda abebe kitambulisho chenye picha. Peleka kopi shuleni kabla hamjaondoka na nyingine abaki nayo yeye. Jina la anayetumwa liwe sawasawa na la kwenye pasipoti, usiandike "Mama Salma" halafu pasipoti inasema kingine kabisa, ilishatokea.

Na mkubaliane kabisa: anapiga picha, anatuma kwa mtoto, siyo kwenye grupu la WhatsApp la ukoo.

Ni saa ngapi kwa saa za nyumbani?

Shule nyingi zinaanza kutoa saa mbili asubuhi ya huku. Agosti huku wako kwenye saa za kiangazi, kwa hiyo Dar, Mombasa, Nairobi na Kampala wako mbele kwa masaa mawili tu, ni saa nne asubuhi. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ni saa tatu. Walio Muscat kwa shangazi ni saa tano. Angalieni na ile ya kusoma saa, barua ya shule ikisema "8am" ni saa mbili siyo saa nane, wapo waliokaa mpaka mchana wakisubiri.

Wa kwangu ni wa GCSE, akishaona gredi si basi tunaendelea na likizo?

Hapana, na huyu ndo ananitia wasiwasi kuliko wa A-level, watu wanadhani ni kinyume.

Mtoto wa GCSE anakwenda fomu faivu ya huku, wenyewe wanaita sixth form, au chuo cha kati. Amepewa nafasi kwa masharti, labda apate 6 (gredi za GCSE ya juu ni 9, 4 ndo kufaulu) kwenye somo analotaka kusoma na 5 kwenye hesabu na Kiingereza. Sasa usajili wa hizo nafasi sehemu nyingi ni siku ileile ya matokeo au kesho yake, mtoto anatakiwa afike mwenyewe na karatasi yake, akae na mwalimu, athibitishe masomo. Asipotokea na hajasema kitu wanaweza kumhesabu kwamba hataki, na foleni ya wanaongoja ni ndefu, hasa hizi shule zinazogombewa.

Kwa hiyo mwezi wa sita andika imeili KILA sehemu aliyopewa nafasi, siyo ile anayoipenda tu. Sema tutakuwa Tanzania mpaka tarehe fulani, usajili tunaweza kuufanya vipi tukiwa mbali? Wengi wana utaratibu, wanakubali atume matokeo kwa imeili siku hiyohiyo kisha aje kusajiliwa mwisho wa mwezi. Ila lazima uwe na jibu lao mkononi.

Halafu kaeni mezani na mtoto mpange akikosa. Akipata 5 kwenye kemia badala ya 6, anachukua nini badala yake? Mkijadiliana hayo kwa mara ya kwanza Alhamisi saa nne asubuhi na wageni wamejaa sebuleni hamtaamua kitu cha maana. Na asiyefika 4 kwenye hesabu au Kiingereza ataendelea kuvisoma huko anakokwenda, anaweza kurudia mtihani mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo hamna haja ya kilio cha msiba, ni kuuliza tu huko mpya wanasajili vipi wa kurudia.

Na wa A-level?

Huyu ana UCAS, ule mfumo wa kuombea nafasi za vyuo vikuu. Asubuhi ya Alhamisi akaunti yake ya UCAS inabadilika, kuanzia kama saa mbili na ushee ya huku, inamwambia chuo kimemkubali au la. Lakini UCAS HAIONYESHI gredi. Mtoto anaweza kuona "umekubaliwa" akiwa hajui kapata nini, na gredi anazipata shuleni. Wengine wamekosa gredi moja na chuo kikawachukua hivyohivyo, ndo maana fungua UCAS kwanza kabla ya kuanza kulia.

Chuo chake cha kwanza kikimkubali hamna cha kufanya siku hiyo, nendeni ufukweni. Kama alijisajili UCAS kwa imeili ya shule, abadilishe mwezi wa sita, nisirudie hadithi yangu.

Akikosa vyuo vyote viwili, cha kwanza na cha akiba, ataweza kuingia Clearing akiwa Tanga?

Anaweza. Clearing ni ule mlango wa vyuo vyenye nafasi zilizobaki, na siku ya matokeo ndo soko linachemka, kozi nzuri zinaisha kwa masaa. Anapiga simu chuoni MWENYEWE, wanataka kumsikia yeye, wanamwuliza gredi, namba yake ya UCAS, kwa nini kozi hii, wakimkubali kwa mdomo ndo mchana anakwenda kuingiza chuo hicho kwenye UCAS. Asiingize chuo ambacho hajaongea nacho.

Kuna kitu UCAS wanaruhusu, mtoto kumteua mtu wa kuongea kwa niaba yake. Mteue wewe au mtu aliyebaki huku, dakika mbili tu kwenye akaunti, inasaidia akikwama. Ila mahojiano ya kozi bado ni ya kwake.

Andaeni orodha ya vyuo vitano sita mapema na namba zao za kawaida zinazoanza na +44. Zile za bure za 0800 ukizipiga kutoka nyumbani mara nyingi haziingii, na chuo hakipokei WhatsApp kwenye simu ya mezani. Vyuo vingi vina sehemu ya kuchati moja kwa moja kwenye tovuti, wakati mwingine inajibu haraka kuliko simu.

Simu na intaneti tufanyeje?

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Laini ya Uingereza ibaki ndani ya simu na iwe hewani, maana zile namba za siri za kuingilia akaunti zinakuja kwa meseji kwenye namba hiyo. Zima data ya rominga tu, la sivyo utarudi ukute bili ya kununua mbuzi. Data tumia laini ya nyumbani, nunua bando siku moja kabla, na uwe na mitandao miwili tofauti maana mmoja ukigoma unahamia mwingine. Siku yetu ile umeme ulikatika saa tatu na nusu, waifai ya shemeji ikafa, simu ya mtoto ilikuwa asilimia kumi na moja, sitaki hata kukumbuka. Pawabenki ijae usiku wa Jumatano.

Salio la kupigia Uingereza weka la kutosha pia, Clearing unaweza kusubiri kwenye foleni dakika arobaini huku vocha inayeyuka.

Na msiwe safarini siku hiyo. Nimesikia watu wamepanga Mikumi au boti ya Pemba Alhamisi ileile, jamani.

Gredi haijaturidhisha, tunaweza kuomba isahihishwe upya tukiwa huko?

Mnaweza, kupitia shule. Ila mtoto lazima atoe ridhaa ya maandishi na ridhaa hiyo inatolewa baada ya matokeo kutoka, hawezi kuisaini kabla mkaiacha kwa jirani. Imeili kutoka kwake inatosha shule nyingi. Sababu ya ridhaa ni kwamba gredi inaweza kupanda, kubaki au KUSHUKA, na ikishuka imeshuka. Kuna malipo, ikibadilika gredi unarudishiwa.

Wa A-level ambaye nafasi ya chuo inategemea hilo kuna usahihishaji wa haraka, na dirisha lake ni kama wiki moja tu tangu siku ya matokeo, kwa hiyo ukisema "tutashughulikia tukirudi" limeshafungwa. Wakati huohuo apige chuoni awaambie nimeomba isahihishwe, mnaweza kunisubiri? Usahihishaji wa kawaida unaenda mpaka mwezi wa tisa, huo mtaukuta.

Si bora tuende mwezi wa sita tukimaliza mitihani, turudi kabla ya Agosti?

Kama mtoto ni mmoja, ni wazo zuri na tiketi zina nafuu. Angalia tu siku ya akiba, kila mwaka wanaweka siku mwishoni mwa mwezi wa sita iwapo mtihani wowote utaahirishwa, 2025 ilikuwa tarehe 25 Juni na 2026 ni tarehe 24. Mtoto anatakiwa awepo mpaka hiyo siku ipite hata kama karatasi yake ya mwisho alifanya wiki mbili nyuma.

Kama ana wadogo zake wako shule bado, ukiwatoa kabla ya kufunga faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na ukichelewa kulipa zinakuwa 160. Piga hesabu na watoto watatu. Sisi wa pili alitangulia na baba yake mdogo mwanzoni mwa mwezi wa saba, akarudi naye katikati ya mwezi wa nane, matokeo akachukua mwenyewe, sisi tukabaki Tanga mpaka mwisho. Huyo ndo aliyesajiliwa bila presha.

Tuko Scotland

Kwenu ni tofauti, yanatoka mapema, Jumanne ya mwanzoni mwa Agosti (2025 ilikuwa tarehe 5), na yanakuja nyumbani kwa posta. Kuna meseji na imeili pia lakini mtoto lazima ajiandikishe mapema. Ila shule zenu zinafunga mwishoni mwa Juni na kufungua katikati ya Agosti, kwa hiyo wengi mnakuwa mmerudi au mko njiani.

Tunadaiwa na shule, wanaweza kuyashikilia?

Hapana. Deni la ada au la kitabu kilichopotea ni suala jingine, matokeo ni taarifa binafsi za mtoto na ana haki ya kupewa yakishatangazwa. Andika imeili kwa utulivu utaje sheria ya taarifa binafsi, mara nyingi inaishia hapo.

Bibi na wajomba wote watauliza "kapata division ngapi?" Tuseme nini?

Ha! Hili nalo. Kwetu namba ndogo ndo nzuri, Division One ya pointi saba ndo kichwa cha taifa. Huku GCSE ni 9 mpaka 1 na TISA ndo ya juu. Mwanangu alipata 9 ya Kiingereza, baba mkubwa akamshika bega akamwambia pole mwanangu, utarudia. Ilibidi nieleze mbele ya watu kumi na tano. Sasa hivi nasema hivi: 7 ni A ya zamani, 8 na 9 ni zaidi ya A, 4 ndo kufaulu, basi wanaelewa.

Lakini muulize mtoto kwanza kama anataka yatangazwe. Watoto wa huku wamezoea kufungua bahasha pembeni na rafiki zao, ukimkalisha mkekani ukoo mzima unamwangalia usoni wakati ukurasa unafunguka ni kumtesa. Wa pili alituomba aambiwe bibi tu, wengine kesho yake, na mama yangu aliitunza siri hiyo masaa ishirini na nne, sikuamini.

Karatasi tutakayopata ndo cheti?

Siyo cheti, ni orodha ya matokeo tu. Vyeti vinakuja shuleni kama mwezi wa kumi na moja, na visipochukuliwa shule inatakiwa ivitunze mwaka mmoja, baada ya hapo wanaweza kuviharibu na kuvipata upya ni hela na fomu. Hapa napo mtu mwingine akichukua anahitaji barua, kwa hiyo ile barua mliyoandika mwezi wa sita msiifute kwenye kompyuta, badilisheni tarehe mprinti tena.